Bure ya Nani? Kikundi Chetu na Hesabu za Simu

Mazungumzo ya kamati ya kikundi kimoja cha kujisaidia cha Ukambani mbele ya mkutano wa vikundi. Yamechapwa karibu kama yalivyosemwa.



Tuliambiwa tuje tuzungumze juu ya teknolojia na maendeleo. Hilo ni jambo kubwa, na sisi si wataalamu. Katika kamati yetu kuna mmoja tu aliyesomea kompyuta, na alisoma miezi mitatu. Kwa hivyo tumeona afadhali tuwaambie yaliyotupata sisi wenyewe, halafu tuongeze yale tuliyokuja kujua baadaye tulipoanza kuulizauliza. Jambo lenyewe ni hili. Tulikuwa na huduma ya mtandao tuliyopewa bure. Baada ya karibu miaka mitatu ikaanza kutulipisha. Tulikasirika sana, na ile hasira karibu ivunje kikundi.

Sisi ni watu 34. Tulianza na mwethya, ile kazi ya pamoja ya kuchimba matuta na kujenga bwawa la mchanga, kisha tukaingia katika mbuzi wa maziwa na kuweka akiba. Kila mwezi mtu analeta akiba yake, anayetaka mkopo anapewa, mwenye kuchelewa anapigwa faini. Mambo haya mnayajua, vikundi vyenu ni hivyo hivyo. Tulikuwa na daftari moja kubwa la jalada gumu. Katibu aliandika, mweka hazina akatia sahihi, na kila mwanachama alikuwa na kijitabu chake nyumbani. Kazi hiyo ilichosha. Kila mkutano saa nzima ilikwenda kwa kujumlisha tu, na mwisho wa mwaka, wakati wa kugawana faida, tulikaa siku mbili tukibishana juu ya shilingi mia mbili ambazo hazikuonekana.

Mwaka 2019 kijana mmoja wa kwetu alikuja na programu ya simu ya kuweka hesabu za vikundi. Unaingiza majina mara moja. Ukiandika kwamba fulani ameleta mia tano, inajumlisha yenyewe, inahesabu riba yenyewe, na inamtumia huyo fulani ujumbe kwamba akiba yake imefika kiasi hiki. Tulishangaa. Tukauliza bei, akasema ni bure. Mzee mmoja wetu akauliza, "Bure ya nani?" Watu wakacheka, na mkutano ukaendelea. Swali lile halikujibiwa siku ile. Tutalirudia.

Kusema ukweli programu ile ilitusaidia, na si vizuri tuiseme kwa ubaya peke yake. Mwezi wa Machi 2020 serikali ilipokataza mikutano kwa sababu ya korona, vikundi vingi vilisimama, vingine havikuamka tena. Sisi hatukusimama. Watu walituma akiba kwa M-PESA, katibu akaingiza kwa simu akiwa nyumbani kwake, na kila mtu akapata ujumbe wake. Hata mtoto wa mwanachama aliyeko Nairobi aliweza kumsomea mama yake hesabu kwa simu.

Lakini hapo ndipo tulipofanya kosa. Tuliacha daftari. Hakuna mkutano uliopitisha azimio hilo. Liliachwa tu, kama njia inayoota nyasi kwa sababu hakuna anayeipita. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Februari 2020. Vijitabu vya wanachama navyo vikaachwa. Mama mmoja alitumia chake kuwashia moto, na hatumlaumu, kwa maana hata sisi wa kamati hatukujua vyetu viko wapi.

Mwaka 2022 ukaja ujumbe. Ulikuwa wa Kiingereza kizuri, wenye shukrani nyingi kwa kuwa pamoja nao. Ukisoma mpaka chini ndipo unapoona kwamba baada ya siku 21 bure itabaki kwa vikundi vya watu wasiozidi kumi. Wengine watalipa shilingi 25 kwa kila mwanachama kila mwezi. Tukapiga hesabu, na hiyo tulipiga kwa kalamu. Watu 34 ni shilingi 850 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 10,200. Kwetu hiyo ni zaidi ya bei ya mbuzi wa kienyeji.

Mkutano wa mwezi ule haukuwa mkutano. Mmoja alisema ni wizi. Mwingine akasema katibu alijua tangu zamani na anakula na wenye kampuni, maneno mabaya sana kumwambia mtu aliyefanya kazi miaka mitatu bila malipo, hata data alikuwa ananunua kwa pesa zake. Kijana aliyetuletea programu ile akaona aibu, na kwa miezi miwili hakuonekana kwenye mkutano. Tukaamua tutoke.

Kutoka ndiko kulikotuonyesha mahali tulipokuwa tumekaa. Siku zile 21 zilikwisha tukiwa bado tunabishana. Katibu alipofungua simu aliona hesabu za miezi mitatu tu. Za nyuma zilikuwa zimefungwa mpaka ulipe. Na hata ukilipa, hapakuwa na njia ya kuzitoa zote kwa pamoja na kuziweka mahali pengine. Ungeziangalia, basi. Jamani, shilingi 850 si pesa za kuua kikundi. Tungeambiwa mapema tungezichanga. Kilichotuuma ni kulipa ili tuone akiba yetu wenyewe.

Tukalipa mwezi mmoja. Tukawaita wasichana wawili waliomaliza kidato cha nne, tukawapa chai na kitu kidogo, wakakaa katika jumba la kanisa siku nne, mmoja akisoma kwenye simu na mwingine akiandika. Siku ya tatu wakafika kwa mwanachama mmoja, mama mjane, wakamwita mweka hazina. Simu ilionyesha kwamba mama huyu ana deni la shilingi 6,000 la tangu 2021, pamoja na riba. Mama akasema alilipa. Alilipa taslimu, katika mkutano, siku ambayo hapakuwa na mtandao kwa sababu ya mvua.

Sasa fikirini. Daftari hakuna. Risiti hatukuandika, kwa kuwa tulikuwa tukisema ujumbe wa simu ndio risiti. Na ujumbe huo mama hakuupata, kwa maana malipo hayakuingizwa. Zamani angetoa kijitabu chake chenye sahihi ya mweka hazina, na maneno yangekwisha. Siku ile alikuwa na mdomo wake tu, na simu ilikuwa inasema kinyume. Wapo waliosema mashine haidanganyi. Kulingana na katiba yetu, mwenye deni la zaidi ya mwaka mmoja anaweza kuchukuliwa mbuzi, na mama huyu alikuwa na mbuzi wawili tu.

Wanawake watatu ndio waliomwokoa. Walikumbuka siku ile ya mvua, wakakumbuka mama alizifungua pesa kutoka kwenye leso, na mmoja wao ndiye aliyezihesabu na kumpa mweka hazina. Mweka hazina mwenyewe alikaa kimya kwa muda, halafu akasema ni kweli, alizipokea, akamwambia katibu aziingize jioni, na yeye hajui kama alimwambia kwa sauti au alikusudia tu. Pesa zilikuwamo kwenye sanduku, kwa maana mwaka ule tulikuwa na ziada ambayo hatukuweza kuieleza. Deni likafutwa. Lakini mpaka leo kuna mwanachama mmoja ambaye hakubali kabisa, na mama yule akija mkutanoni anakaa upande wa mbali na yeye.

Kosa lile hatuwezi kuwawekea wenye programu. Lilikuwa letu. Ila tunalisimulia kwa sababu kama huduma ile isingeanza kulipisha, tusingelijua, na siku moja tungeenda kuchukua mbuzi wa mjane.

Baada ya hapo tukataka kuelewa. Je, ni sisi tu tuliofanyiwa hivi? Tulimwuliza mwalimu mmoja wa sekondari, tukauliza na vijana wa saiba, tukaona kwamba jambo hili limewapata watu dunia nzima, na wengine ni wasomi kutushinda.

Wengi wenu mnaweka picha zenu kwa Google. Huduma ile ya picha ilianza mwaka 2015, na watu waliahidiwa kwamba wakikubali picha zipunguzwe ukubwa kidogo wataweka nyingi watakavyo bila malipo. Watu wakaweka harusi, mazishi, ubatizo, kila kitu. Novemba 2020 kampuni ikatangaza kwamba mwisho ni tarehe 1 Juni 2021. Tangu siku hiyo kila picha mpya inahesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure, na hizo 15 ni za picha, barua pepe na mafaili yote pamoja. Zikijaa, hata barua pepe hazipokelewi. Nyinyi viongozi wa vikundi hapo msikie vizuri. Kama anwani ya barua pepe ya kikundi ni ile ile ya simu ya katibu, na katibu ana video za watoto wake wakiimba, siku zikijaa barua ya mfadhili itarudi ilikotoka na hamtajua.

Kulikuwa na kampuni nyingine ya Marekani ya kuweka picha, Photobucket. Watu walikuwa wameweka picha huko kwa miaka mingi, na picha hizo zikawa zinaonekana katika kurasa zao kwingine. Mwaka 2017 ikabadilisha masharti. Aliyetaka picha zake ziendelee kuonekana kwingine akatakiwa kulipa dola 399 kwa mwaka. Kwa ambao hawakulipa, mahali pa picha palitokea tangazo. Ukilinganisha, shilingi zetu 850 zilikuwa upole.

Zoom, ambayo wengi mliifahamu wakati wa korona, iliwaruhusu watu wawili kuzungumza bure kwa muda mrefu. Tangu 2022 ikawawekea nao dakika 40, sawa na walivyokuwa wamewekewa wale wa mikutano ya watu wengi.

Lakini mzee wetu, yule wa "bure ya nani", alisema haya si mageni hata kidogo, na akatukumbusha hospitali. Desemba 1989 hospitali za serikali zilianza kulipisha, ile tuliyoambiwa ni kuchangia gharama. Watu wakaacha kwenda. Septemba 1990 ada ya wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani ikaondolewa. Tangu 1992 ikarudi polepole. Mzee anasema siku zile watu walikasirika vile vile, lakini ilikuwa ni serikali, kuna diwani, kuna mbunge, kuna mahali pa kupeleka kelele. Kampuni iliyo ng'ambo utaipelekea nani kelele?

Tuseme sasa juu ya swali lake. Bure ni ya nani? Tulivyoelezwa, vitu tunavyoweka kwenye mtandao havikai hewani. Vinakaa katika kompyuta kubwa ndani ya majumba makubwa, zinazokula umeme usiku na mchana, na umeme mwingine wa kuzipoza zisichemke. Kuna wafanyakazi. Yote hayo yanalipwa na mtu. Mara nyingine analipa mwenye matangazo ya biashara, kwa hivyo anataka kujua wewe ni nani na unapenda nini. Mara nyingine wanalipa wenye mitaji, ambao wanakubali kampuni ipate hasara miaka kadhaa ili ikusanye watu haraka, na bei waifikirie baadaye. Huyo wa pili ndiye wa kuangaliwa sana, kwa maana pesa zake lazima zirudi siku moja, na siku hiyo utakayeulizwa ni wewe.

WhatsApp ilikwenda kinyume, na ni vizuri tuiseme. Kwanza ilikuwa inatoza watumiaji wengi senti 99 za dola kwa mwaka, baada ya mwaka wa kwanza wa bure. Januari 2016 ikaacha. Haikuacha kwa sababu ya huruma. Ilikuwa imenunuliwa na Facebook mwaka 2014, na baadaye ikaanza kuwalipisha wenye biashara wanaotaka kuwaandikia wateja, na mwaka 2025 ikatangaza kwamba itaweka matangazo ya biashara. Kwa hivyo hata pale ambapo hulipi, kuna anayelipa ili akufikie.

Mmoja wetu ana posho mill, na alikuwa wa kwanza kusema kwamba kulipishwa si kosa. Anasema hakuna mtu anayemtarajia asage bure, dizeli inanunuliwa. Mtu wa mtandao naye ana dizeli yake. Sote tukakubali. Halafu mama mmoja akamwuliza: "Na kama ungetusagia bure miaka mitatu, mpaka yule jirani mwenye mashine akafunga, na sisi tukapasua vinu kuwa kuni, kisha siku moja ukafunga mlango unga wetu ukiwa ndani, ukasema sasa lipeni?" Mwenye posho mill akacheka akasema huyo hata kanisani asiingie. Hapo ndipo sisi kama kamati tulipopata maneno ya kusema kile kilichokuwa kinatuuma. Bei hatukuikataa. Kilichotuuma ni ule unga uliofungiwa ndani.

Tena, si kila mara ni kampuni inayolipisha. Majirani zetu wa Uganda, tangu Julai 2018, walitozwa na serikali shilingi 200 za Uganda kwa siku ili watumie Facebook, WhatsApp na nyinginezo. Watu walilalamika mno, wengine wakatafuta njia za kuzunguka, na mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikawekwa badala yake asilimia 12 juu ya data. Hapa kwetu ushuru juu ya data ulipanda kutoka asilimia 15 hadi 20 mwaka 2021, ukarudishwa 15 mwaka 2023. Na M-PESA mnakumbuka: Machi 2020 kutuma pesa zisizozidi shilingi 1,000 kulifanywa bure kwa ajili ya korona, na Januari 2021 ada zikarudi, isipokuwa kwa kiasi kidogo kisichozidi shilingi 100. Ile tuliambiwa tangu mwanzo kwamba ni ya muda. Watu walinung'unika, lakini hakuna kikundi tunachokijua kilichovunjika. Kuambiwa mapema kunasaidia.

Kuna jambo la dola pia. Huduma nyingi za ng'ambo bei yake ni ya dola. Mwanzo wa 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 113. Mwanzo wa 2024 ilifika karibu 160. Huduma ya dola mbili ikatoka shilingi 226 ikaenda 320 bila kampuni kuongeza hata senti. Kikundi kinachoweka bajeti ya mwaka mzima kiangalie hapo.

Je, kulalamika kunasaidia? Sisi tuliandika barua pepe mbili kwa wenye programu yetu, tukajibiwa na mashine. Lakini kuna waliosikilizwa. Google ilikuwa na huduma ya barua pepe za ofisi, ambayo waliojiandikisha kabla ya Desemba 2012 walipewa bure. Januari 2022 ikasema wote sasa watalipa. Watu wengi walikuwa wakiitumia kwa barua za familia tu, wakapiga kelele, na Mei mwaka ule ule kampuni ikakubali kwamba wasiofanya biashara wanaweza kubaki bure. Walikuwa wengi na walisema kitu kimoja. Sisi tulikuwa katibu mmoja mwenye simu iliyopasuka kioo.

Na kuna sheria ambayo tungeijua mapema ingetusaidia. Mtu wa kamati ya haki na amani ya kanisa ndiye aliyetuambia, sisi tukiwa tumekwisha nakili kila kitu kwa mkono. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kupewa habari zake binafsi zilizoshikwa na kampuni, katika mpango unaoweza kusomwa na kompyuta, ili aweze kuzihamishia kwingine. Kuna ofisi ya Kamishna wa Data ya kupeleka malalamiko. Haki hiyo ni ya mtu mmoja mmoja, kwa hivyo kila mwanachama angeomba yake. Hatukujaribu, basi hatuwezi kuwaambia ingechukua muda gani. Lakini andikeni jina la sheria hiyo kwenye vitabu vyenu.

Sasa tunafanya nini? Daftari limerudi. Ni jipya, na ndilo lenye neno la mwisho. Simu ikisema kinyume na daftari tunafuata daftari, halafu tunatafuta kosa. Kila anayelipa taslimu anaandikiwa risiti pale pale kabla hajakaa chini. Vijitabu vya wanachama vimerudi pia, na yule mama aliyewashia moto chake alinunua kipya siku ya kwanza.

Simu hatukuiacha, kwa maana vijana wangetucheka na tena ina faida. Tunatumia programu ya kawaida ya majedwali. Kila mwisho wa mwezi katibu anahifadhi nakala kwenye simu ya mweka hazina na kwenye kadi ndogo inayokaa katika sanduku la pesa, na mara moja kwa mwaka tunachapisha kwenye karatasi pale saiba. Barua pepe ya kikundi ni ya kikundi, haina picha za mtu, na namba ya siri imeandikwa kwenye bahasha iliyofungwa na kuwekwa ndani ya sanduku lile lile lenye funguo tatu. Kila mwanachama anatoa shilingi 20 kwa mwezi za mtandao. Zinafika 680. Zinamnunulia katibu data, na zinazobaki zinangoja siku ambayo kitu kingine cha bure kitakwisha.

Juu ya hizo shilingi 20 hatukubaliani sote, tuseme wazi. Wengine wanaona tunalipa karibu sawa na ile 850 tuliyoikataa, kwa nini tusingebaki? Hoja yao ina nguvu, na ikiwa kikundi chenu ni kikubwa na katibu hana wakati, pengine kulipia programu nzuri ni afadhali. Ila kabla hamjaingiza jina la kwanza, mwambieni anayewaletea afanye kitu kimoja mbele yenu: aingize watu watatu wa uongo, kisha azitoe hesabu zao zote na kuzifungua kwenye kompyuta nyingine. Akishindwa, mshukuruni kwa chai na mumsindikize. Akiweza, mwulizeni analipwa na nani sasa, na bei itakuwaje akiacha kulipwa na huyo. Kama hana jibu, hilo nalo mmelisikia. Mjenzi wa mnara alikaa kwanza akahesabu gharama, sisi tulihesabu miaka mitatu baadaye.

Jambo la mwisho ni ombi. Hapa leo kuna vikundi vingi, na kwa kuulizana asubuhi tumeona kwamba zaidi ya vitano vinatumia programu moja. Kila kimoja kiko peke yake, kama tulivyokuwa. Tunaomba ofisi ya maendeleo ikubali kuandika majina ya vikundi na programu wanazotumia, ili siku ujumbe wa malipo ukija, iende barua moja yenye mihuri mingi, ikiuliza mambo mawili: bei ya vikundi kwa pamoja, na njia ya kutoa hesabu zetu. Mwenyekiti, tunaomba jambo hili liingie kwenye kumbukumbu za leo na lipigiwe kura baada ya chakula.

Katibu wetu amekuja na madaftari yote mawili, la zamani lililoishia Februari 2020 na lile lililoandikwa na wale wasichana. Yapo pale mezani karibu na birika. Mnaotaka kuona jinsi tunavyopanga kurasa mje wakati wa chai, lakini mikono iwe mikavu.